Ndege Waliao Usiku Katika Nchi ya Morogoro na Uluguru

Somo kwa wazee, walimu na wasomaji wote

Jua likisha kutua nyuma ya milima ya Uluguru, na moshi wa jioni ukatanda juu ya vijiji, nchi hainyamazi. Ndege wa mchana hurudi viotani, na zamu ya ndege wa usiku huanza. Hasa katika miezi ya Oktoba na Novemba, joto linapozidi na watu wakingojea mvua za vuli, sauti hizo husikiwa sana: huko Bigwa na Mlali, huko Matombo na Kinole, hata juu Mgeta na Bunduki ambako usiku una baridi. Watu wengi huzisikia, lakini wachache wajuao ni za nani. Na mtu asipoijua sauti, upesi huiogopa.

Somo hili lataka kueleza mambo manne: kwanza, kwa nini ndege hulia usiku, pili, ni ndege gani waliao, tatu, wana faida gani kwa mkulima, na nne, hofu tuliyo nayo juu yao imetuletea hasara gani. Msomaji asidhani kuwa jambo hili ni dogo. Ndani yake mna mahindi yetu, na mna pia amani ya jirani na jirani.

1. Sababu ya kulia usiku

Ndege halii bure. Dume hulia ili kuwajulisha wenzake kuwa mahali hapa pana mwenyewe, wala wasiingie. Tena hulia ili kumwita jike; na jike naye hujibu. Makinda hulia kwa njaa, wakiwaomba wazazi wao chakula. Basi sauti ya ndege ni kama piga hodi, kama posa, na kama kilio cha mtoto. Kila moja ina kazi yake.

Lakini mbona usiku sauti husikiwa mbali kuliko mchana? Sababu ya kwanza ni kwamba usiku kuna utulivu: hakuna shoka, hakuna kinu, na mara nyingi upepo hutulia. Sababu ya pili ni hewa yenyewe. Mchana ardhi hupata moto, na hewa iliyo karibu na ardhi huwa ya moto kuliko ile ya juu. Sauti ikipita humo hupinda kwenda juu, ikapotea. Usiku ardhi hupoa, na hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu. Sauti nayo hupinda kurudi chini, ikafika masikioni mwa watu walio mbali. Ndiyo maana bundi aliye ng'ambo ya bonde huonekana kama aliye juu ya paa lako. Mwalimu na alikumbuke neno hili, maana tutalirudia.

Na kwa nini huzidi kulia katika miezi ya joto? Ni kwa sababu wengi wao hutaga na kulea wakati huo, au hujitayarisha kutaga. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini, na wadudu wa kila namna hujaa hewani. Kwa ndege walao wadudu hiyo ndiyo siku ya karamu.

2. Mwili wa bundi

Bundi ameumbwa kwa kazi ya usiku. Macho yake ni makubwa sana, ili yapokee hata mwanga mdogo wa nyota. Lakini macho hayo hayageuki ndani ya kichwa kama yetu. Kwa hiyo bundi akitaka kutazama upande hana budi kugeuza kichwa chote. Shingo yake yaweza kuzunguka kiasi cha robo tatu ya mduara. Watu wakimwona akitazama nyuma hali kiwiliwili kimeelekea mbele, husema kuwa ana uchawi; kumbe ni ufundi wa mifupa ya shingo.

Masikio yake ni ya ajabu kuliko macho. Manyoya ya uso wake yamepangwa kama sahani, nayo hukusanya sauti na kuipeleka masikioni. Kwa bundi mweupe wa mapaani, sikio moja liko juu kidogo kuliko la pili. Basi sauti ya panya hufika katika kila sikio kwa namna yake, na kwa tofauti hiyo bundi hujua panya yuko wapi, kulia au kushoto, chini au juu. Wataalamu wamemjaribu katika chumba chenye giza kabisa, akamkamata panya kwa kumsikia tu.

Tena mabawa yake hayana kishindo. Manyoya ya ukingo wa mbele wa bawa yana meno madogo kama ya kitana, na manyoya yote ni laini. Hewa hupita bila kuvuma. Kwa hiyo panya hasikii kitu mpaka kucha zimemshika.

Bundi akimla panya mdogo humeza mzima. Nyama huyeyuka tumboni, lakini manyoya na mifupa haiyeyuki. Hufungamana kuwa bonge, naye hulitapika. Mabonge hayo huonekana chini ya mti au chini ya paa alalapo mchana. Mtu akitaka kujua chakula cha bundi, asiulize uvumi. Afungue bonge moja aone.

3. Bundi wa nchi yetu na sauti zao

Watu wengi hutaja "bundi" kana kwamba ni ndege mmoja. Sivyo. Wako wa namna nyingi, na kila mmoja ana sauti yake. Tutawataja wale wanaoweza kusikiwa bila safari ndefu.

Wa kwanza ni bundi mweupe wa mapaani. Kifua chake ni cheupe, mgongo una rangi ya mchanga na kijivu, na uso wake una umbo la moyo. Hukaa katika dari za majumba, minara ya makanisa, maghala na miti yenye mashimo; hajengi kiota chake mwenyewe. Yeye hasemi "hu, hu" hata kidogo. Sauti yake ni mkwaruzo mrefu, kama kitambaa kipya kinachopasuliwa. Ndiyo asili ya jina la kutisha alilopewa pwani, mpasuasanda. Kana kwamba anaipasua sanda ya maiti. Jina latisha, lakini ndege mwenyewe yumo katika kutafuta panya.

Wa pili ni bundi mkubwa mwenye madoa, ambaye ana manyoya mawili yaliyosimama kichwani kama pembe au masikio, ingawa si masikio. Hupenda mawe na vilima, na hutaga chini penye miamba. Sauti yake ni nzito na ya upole, "huu-huu", mara mbili au tatu, kisha hunyamaza.

Wa tatu ni yule aliye mkubwa kupita bundi wote wa Afrika, mwenye rangi ya kijivu na kope za waridi. Hukaa katika miti mikubwa ya mabondeni na kando ya mito. Mara nyingi hutaga katika kiota cha zamani cha ndege mwingine. Sauti yake ni mgumio mzito sana; asiyeijua atadhani ni chui.

Wa nne ni bundi wa msituni, wa ukubwa wa kadiri, mwenye macho meusi na kichwa cha mviringo kisicho na pembe. Huyu husikiwa katika misitu ya Uluguru na hata katika migomba na miti iliyo karibu na nyumba. Dume na jike hupokezana. Dume huanza kwa sauti ya chini yenye mapigo ya haraka, na jike hujibu kwa sauti ya juu. Wasikiao husema ni bundi mmoja mwenye sauti mbili, kumbe ni mume na mke wanaoitana. Chakula chake kikubwa ni wadudu.

Wa tano ni bundi mdogo sana, urefu wake hauzidi shubiri moja. Mchana hujibanza kwenye gome la mti, wala hutamwona hata ukisimama chini yake. Usiku hutoa sauti fupi, "prruu", akanyamaza kwa muda wa sekunde tano hadi nane, kisha "prruu" tena. Na hivyo usiku kucha kama saa ya ukutani.

Wa sita ni bundi mdogo mwenye madoa meupe kama lulu, ambaye hulia hata mchana kwa miluzi inayopanda juu. Nyuma ya kichwa chake ana madoa mawili meusi kama macho, na adui amjiaye kwa nyuma hudhani anatazamwa.

Zaidi ya hao, katika misitu ya milimani yuko bundi wa Usambara, ambaye hupatikana pia katika milima ya Uluguru. Jina lake la kitaalamu alipewa mwaka 1908, kwa heshima ya Julius Vosseler, Mjerumani aliyefanya kazi ya elimu ya wanyama huko Amani. Ndege huyu ni wa misitu tu. Msitu ukikatwa, naye hana mahali. Msitu wa Uluguru ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, nao una zaidi ya hekta 24,000. Watu hukumbuka kuwa msitu huo ndio uzao maji ya mto Ruvu, yanyweayo mji wa Dar es Salaam. Si vibaya kukumbuka pia kuwa ni nyumba ya viumbe wasiopatikana kwingine.

Bado dunia haijamaliza kuwajua ndege wa usiku wa nchi zetu. Yuko bundi mdogo aliyejulikana kwa wataalamu mwaka 1965 katika msitu wa Arabuko-Sokoke, Kenya. Watu walidhani hayuko kwingine, mpaka mwaka 1992 alipogunduliwa pia chini ya milima ya Usambara Mashariki. Na kisiwa cha Pemba kina bundi wake mwenyewe, asiyeonekana mahali pengine popote duniani. Ndege hawa hutafutwa kwa masikio kuliko kwa macho. Huenda mtoto wa shule wa Kibungo au Tegetero, akifunzwa kusikiliza, akawa mjuzi kupita mgeni mwenye darubini.

4. Kirukanjia na wenzake

Mtu atembeaye njiani wakati wa magharibi mara nyingi huona ndege wa rangi ya majani makavu akiruka mbele ya miguu yake, akatua tena hatua chache mbele, akaruka tena. Huyo ni kirukanjia, na jina lamfaa. Mdomo wake ni mdogo, lakini kinywa chake kikifunguka ni kipana ajabu, na kandokando kina manyoya magumu kama sharubu. Huruka na kukamata nondo na mende hewani. Hajengi kiota; hutaga juu ya ardhi tupu, na mayai yake yafanana na mawe na majani.

Wako virukanjia wa namna nyingi. Mmoja hutoa mluzi safi wenye kutetemeka mwishoni, kama mtu aombaye. Huyu hulia zaidi usiku wa mbalamwezi. Mwingine huvuma mfululizo kama gari lipandalo kilima, mara sauti ikishuka na mara ikipanda. Katika miezi ya mwisho ya mwaka huja pia wageni kutoka Ulaya, wanaoikimbia baridi ya kwao, nao hurejea huko baada ya miezi michache. Dereva apitaye usiku na apunguze mwendo aonapo macho mekundu yakiwaka njiani, maana wengi hufa chini ya magurudumu.

Chekehukwa naye, mwenye miguu mirefu na macho makubwa ya manjano, hukaa kimya mchana penye mchanga na nyika, na usiku hupiga miluzi ya haraka inayopanda kisha ikafifia. Ama tipitipi, ambaye wengine humwita dudumizi, si ndege wa usiku hasa. Lakini husikiwa wakati wa magharibi na alfajiri, sauti yake ikishuka kama maji yamwagwayo kutoka katika kibuyu chenye shingo nyembamba.

5. Sauti zisizo za ndege

Hapa wengi hukosea. Usiku una walio wengi zaidi ya ndege.

Komba mkubwa, akaaye katika minazi, miembe na vichaka, hulia kama mtoto mchanga aliyetupwa. Watu wamesimuliana habari nyingi za kutisha kwa ajili ya sauti hiyo. Perere, ambaye wengine humwita pelele, ni mnyama wa msituni aliye kama pimbi lakini hupanda miti. Mlio wake mkali hupanda mpaka ukawa mayowe, na mgeni alalaye kando ya msitu kwa mara ya kwanza hapati usingizi. Popo walao matunda nao, madume yao, hukaa katika miembe wakitoa sauti moja kama kengele ndogo, tena na tena, na watu hudhani ni bundi. Vyura pia, mvua zikianza, huwachanganya wasikilizaji.

Basi mtu akisema, "Nimesikia ndege mbaya," aulizwe kwanza: ulimwona? Sauti ilikuwa ya namna gani? Ilirudia baada ya muda gani? Ilitoka mtini, chini au hewani? Mara nyingi atagundua kuwa alichosikia ni popo alaye maembe yake.

6. Panya wa shamba

Sasa na tuje katika faida. Adui mmoja mkubwa wa mahindi katika Morogoro na mahali pengi pa Tanzania ni panya shamba, yule mdogo wa rangi ya kahawia, ambaye jike lake lina chuchu nyingi. Mimba yake ni siku 23 tu, na mara nyingi huzaa wana 10 au zaidi kwa mara moja. Mkulima akisha kupanda, panya huyu hufukua mbegu kabla haijaota, na miche michanga huikata. Mtu hulazimika kupanda tena, na mvua haimngoji. Wataalamu hukadiria kuwa kwa wastani panya hupoteza asilimia 5 hadi 15 ya mahindi ya Tanzania kila mwaka. Na katika miaka ya panya wengi hasara ya shamba moja hupita sana kiasi hicho. Tena panya huleta maradhi. Watu wa wilaya ya Lushoto waliteswa na tauni tangu mwaka 1980, na ugonjwa huo huenezwa na viroboto wa panya.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoko hapa Morogoro tangu mwaka 1984, kimefanya kazi kubwa ya kuchunguza panya hawa pamoja na wataalamu wa ng'ambo. Wamejua kwamba panya huongezeka kwa kufuata mvua. Mvua za vuli zikinyesha nyingi na mapema, panya huanza kuzaa mapema, na msimu unaofuata waweza kuwa wa balaa. Basi mkulima aonapo vuli nzito, na ajiandae.

Je, bundi atatuokoa? Jambo hili nalo limepimwa katika mashamba ya mahindi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Mashamba mengine yalifunikwa nyavu ili ndege na wanyama walao panya wasiingie. Mengine yalisimamishiwa miti ya kutulia na masanduku ya viota ili kuwavuta ndege. Na mengine yaliachwa kama yalivyo. Ilionekana kuwa mahali wasipofika walao panya, panya waliongezeka upesi zaidi na kufikia idadi kubwa zaidi. Lakini mwendo wa kupanda na kushuka kwa idadi yao kwa mwaka haukubadilika, tena panya huhama kutoka shamba hata shamba, na kuhama huko huficha kazi ya bundi.

Maana yake nini? Maana yake tusimpe bundi sifa asizoziweza, wala tusimnyime haki yake. Bundi hawezi kumaliza panya peke yake. Lakini yeye ni mlinzi alindaye kila usiku bila mshahara, bila sumu, na bila kulala zamu. Wahenga walisema: paka akiondoka, panya hutawala. Mwenye kumwua bundi amewasaidia panya.

7. Juu ya "ndege mbaya"

Katika nchi nyingi, na kwetu pia, watu husema kuwa bundi akilia juu ya nyumba mtu atakufa, au kwamba ametumwa na mchawi. Kwa sababu hiyo hupigwa mawe, na viota vyake huchomwa moto. Neno hili na tulipime kwa utaratibu, pasipo kuwatukana wazee wetu.

Kwanza, bundi hulia usiku mwingi katika mwaka. Usiku ambao hakufa mtu, nani akumbukaye kuwa bundi alilia? Lakini akilia mara moja na mgonjwa akafa, habari hiyo husimuliwa miaka kumi. Hivyo moyo wa mtu huhesabu usiku mmoja na kuusahau mwingi.

Pili, nyumba yenye mgonjwa huwa na taa usiku kucha. Taa huwaita wadudu, wadudu huwaita bundi wadogo na popo. Tena wauguzi wako macho, nao husikia kila sauti. Majirani wenye afya wamelala, wala hawasikii bundi yule yule alipokuwa juu ya paa lao.

Tatu, tulisema hapo mwanzo kuwa hewa ya usiku huleta sauti za mbali zikawa kama za karibu. Basi anayesema, "Amelia juu ya nyumba yangu," huenda alimsikia bundi aliye ng'ambo ya mto.

Lakini ubaya mkubwa si kwa ndege. Ni kwa watu. Bundi akilia, mgonjwa hukata tamaa, na jamaa huenda kwa mpiga ramli badala ya kwenda hospitali. Siku mbili au tatu hupotea, na homa ya mtoto haingoji siku mbili. Kisha, akifa, hutafutwa aliyemtuma ndege. Na mara nyingi anayetajwa ni nani? Ni mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, asiye na mtu wa kumtetea. Katika Tanzania wamekuwako vikongwe waliofukuzwa makwao, na wengine waliuawa, kwa maneno ya namna hiyo. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928 na ambayo ingali ikitumika, hukataza kumsingizia mtu uchawi. Lakini sheria huja baada ya neno kutoka kinywani; mzee wa ukoo mwenye busara aweza kulizuia kabla halijatoka.

Katika Uluguru ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na bibi ndiye shina. Itakuwa aibu kubwa kwa nyumba kumtupa shina lake kwa sababu ya ndege aliyekuwa akitafuta panya.

8. Mambo ya kufanya

Mkulima asiue bundi wala asichome kiota chake. Akimkuta katika dari, amwache mpaka makinda yaruke. Uchafu wake waweza kufagiliwa baadaye.

Shambani asimamishe miti mikavu michache yenye tawi la kukalia, mirefu kupita mahindi, ili ndege apate mahali pa kutulia na kuvizia. Miti mikubwa yenye mashimo isikatwe ovyo.

Kazi ya bundi isaidiwe na kazi ya mikono: majani ya mipakani yafyekwe, ili panya wasipate maficho, watu wa bonde moja wapande kwa wakati mmoja, ili panya wasihamie kwa yule aliyepanda peke yake, na ghala liinuliwe juu ya miguu yenye visahani vya bati vya kuzuia panya kupanda.

Sumu itumiwe kwa uangalifu na kwa shauri la bwana shamba. Ziko sumu ziuazo panya polepole, zikabaki ndani ya mwili wake. Bundi akimla panya huyo, sumu humwingia naye. Panya waliokufa waokotwe kwa kijiti, wasishikwe kwa mkono, wafukiwe shimoni.

9. Kazi kwa walimu

Mwalimu na awape wanafunzi kazi hizi, wapate kujifunza kwa masikio na macho yao wenyewe.

Kwanza: kila mwanafunzi asikilize kwa nusu saa baada ya magharibi, akiwa barazani kwao, kwa muda wa mwezi mmoja. Aandike katika daftari tarehe, hali ya mwezi na mvua, na sauti alizosikia. Kandokando aandike kama kumetokea msiba kijijini. Mwisho wa mwezi darasa lihesabu: bundi alilia usiku mara ngapi, na ni mara ngapi pasitokee msiba wowote? Hesabu hiyo itafundisha kuliko hotuba.

Pili: wakusanye majina ya ndege wa usiku kwa Kiluguru, Kikutu, Kikami na Kisagara, wakiwauliza mabibi na mababu. Majina hayo yakipotea, maarifa mengi yatapotea nayo.

Tatu: yakipatikana mabonge ya bundi, yamwagiwe maji ya moto kwanza, kisha yafunguliwe kwa vijiti, na mafuvu ya panya yahesabiwe. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kazi. Mafuvu hayo wayaonyeshe kwa wazazi wao.

Maswali ya kujibu:

Kwa nini sauti husikiwa mbali usiku kuliko mchana?

Ni bundi gani asiyesema "hu, hu", na jina lake la pwani lina maana gani?

Taja viumbe vitatu vya usiku ambavyo si ndege, lakini watu hudhani ni ndege.

Kwa nini bundi peke yake hatoshi kumaliza panya, na mkulima afanye nini zaidi?

Bibi mmoja anasingiziwa kuwa alituma bundi juu ya nyumba ya mgonjwa. Wewe ni mzee wa ukoo. Utawaambia nini watu?

Swali hili la mwisho lisijibiwe na watoto peke yao. Na lisomwe barazani, wazee wakiwapo, na kila mtu atoe jibu lake.